Fundi na Wino wa Bandia

Sheria ilisema kila mtu mzima lazima apige kura, na atakayekaidi atatozwa faini. Fundi cherehani akaapa haendi ng'o.

"Kura ya kulazimishwa si kura," alimwambia mkewe, pini zimejaa mdomoni. "Kunyamaza nako ni jibu."

"Basi nyamaza kweli, maana tangu juzi hatupumui kwa hilo jibu lako," mkewe akasema, akajitanda mtandio na kuelekea kituo cha kupigia kura.

Alipobaki peke yake, fundi alichukua kalamu ya kuwekea alama vitambaa, akajipaka kidole kidogo cha kushoto mpaka ukuchani, akakipuliza kikakauka. Nani angejua? Akarudi kwenye cherehani, kidole kakitanguliza mbele kila mpita njia akione.

Saa nane mchana akapita diwani aliyekuwa anatetea kiti chake. Ndiye aliyechimbisha mtaro mbele ya duka la fundi na kuuacha wazi miaka minne. Wateja waliuvuka kwa ubao. Diwani akavuka, akakiona kidole, akamkumbatia fundi mbele ya watu.

"Nilijua tu! Jirani yangu kanipa kura!"

"Mimi? Nani kakwambia..."

"Usijitetee, kura ni siri!" Akamkonyeza, akaenda zake akiitangaza siri hiyo barabara nzima.

Mama mmoja aliyewahi kutumbukia mtaroni akalichukua mezani gauni alilokuwa akishonewa, halijamalizwa hata pindo. "Kumbe ni wewe unayemrudisha!" Akaondoka nalo.

Fundi alipandwa na mori. Akafunga duka, akatoka mbio na futi yake ya kupimia shingoni, akapanga foleni. Zamu yake ilipofika, karani akakitazama kidole.

"Baba, wewe umeshapiga."

"Sijapiga."

"Na huu wino?"

"Wa kalamu."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Msimamizi wa kituo, mwalimu mstaafu, akavua miwani. "Tuelewane, bwana. Kama umepiga, unataka kurudia: hiyo ni jela. Kama hujapiga, umeghushi alama: hiyo ni faini. Chagua."

"Faini! Ila karatasi yangu ya kura naitaka!"

Mkewe, ndiyo kwanza anatoka kupiga yake, akashika kiuno. "Mpeni tu, jamani. Msikieni anavyobembeleza!"

Daftari likafunuliwa; kweli, jina lake halikuwa na alama. Akaandikiwa faini, akapewa karatasi. Alikaa kibandani hadi karani akakohoa, akatoka kifua mbele, na kidole kingine kimechovywa wino wa serikali.

Diwani alishinda vilevile, kwa kura mia mbili na ushee. Matokeo yalipotangazwa redioni, fundi alisonya, akaendelea kula.

"Na uchaguzi ujao?" mkewe akamchokoza.

"Nitaenda kwa hiari yangu."

"Sheria bado ipo, mume wangu."

Fundi akafikiri, akatafuna, akameza. "Basi nitawahi alfajiri, kabla hawajanilazimisha."