Bima Kubwa na Mafuta ya Msiba

Mimi nauza vitenge mtaa wa Kanyenye, hapa Tabora. Bei isiyopunguzwa sijawahi kukutana nayo tangu nianze biashara, kwa hiyo wakala wa kwanza wa bima aliponiambia haipungui hata shilingi, nilimkodolea macho nikidhani ananikomoa.

"Bima ndogo bei yake imepangwa, mama," alisema. "Nenda kwa wakala yeyote, utaikuta hiyo hiyo."

"Sasa mmejazana mtaa mzima mnauza nini, kama bei ni moja?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Noah yetu, gari tulilonunua, ilikuwa imefika kutoka Dar wiki ile ile, imemeza akiba yangu yote na ya mume wangu Sadiki. Ndiyo niliyoitegemea kwenda Kigoma kufuata vitenge. Noah ikilala, na duka linalala. Nilitaka bima ya bei nafuu itakayonirudishia gari langu barabarani likipata shida, basi, wala sikutaka mahubiri.

Wakala wa pili, mama mmoja mwenye haraka zake, aliniambia bima ndogo inatosha. Ukigonga mtu au gari la mtu, kampuni inamlipa huyo uliyemgonga.

"Na gari langu?"

"Lako utajua mwenyewe."

"Yaani nilipe mimi, atengenezewe jirani?"

"Ndiyo sheria, dada. Trafiki hana haja na zaidi ya hapo."

Nikatoka pale nimefura. Wa tatu alikuwa Vedasto, kijana mwenye meza yake barazani, na yeye angalau alikuwa na subira. Alinieleza kwamba kuna ile ya katikati, inayoongeza moto na wizi. Nikamuuliza, na gari likianguka? Akasema likianguka hapana. Sadiki, niliyekwenda naye, akaguna, akasema barabara zetu hizi gari huanguka kabla mwizi hajaliona.

Ikabaki bima kubwa. Hiyo inakokotolewa kwa thamani ya gari, na mimi nikaona hapo ndipo penye mlango.

"Basi andika gari langu la bei ndogo," nilimwambia.

"Naweza, dada Najiat. Lakini siku ya ajali watakulipa kwa bei hiyo hiyo ndogo."

Kila nilipopita palikuwa na ukuta. Nikaambiwa pia hasara ikitokea, sehemu ya kwanza ni juu yangu, kampuni inaanzia hapo. Nikaambiwa gari la matumizi yangu na mzigo wa duka langu bei yake ni nyingine, na la kubeba abiria wa kulipa ni nyingine, ghali maradufu.

"Unabeba abiria?" Vedasto aliuliza.

"Mimi? Nina duka, sina stendi."

Nikalipa kwa uchungu. Rahisi ni ghali, nilijifariji, na ghali basi ije iwe rahisi siku ya siku.

Siku ya siku haikuchelewa. Tulifiwa na ndugu yetu mmoja huko mbele ya Isikizya, na mtaani kwetu Ng'ambo mwenye gari haulizwi, anaambiwa tu tunaondoka saa ngapi. Anayepanda naye anatoa cha mafuta. Kupanda mikono mitupu kwenda msibani ni aibu, watu watasema umefuata pilau. Shangazi Zuena, dada yake marehemu baba, ndiye huwa anapokea michango hiyo na kuifunga kwenye pindo la kanga, halafu anamkabidhi dereva. Kazi hiyo ni yake kwa kila msiba, na sijasikia hata siku moja mtu akilalamika kwamba chake kimepotea.

Tulizika salama. Wakati wa kurudi, kundi la ng'ombe likakatisha ghafla, Sadiki akakwepa, Noah ikaingia korongoni kwa pua. Alhamdulillah, hakuna aliyeumia. Lakini uso wa gari ulikunjamana, rejeta ikapasuka, tairi moja la mbele likageukia upande wake. Watu walinipa pole, nami nilikuwa nawajibu kwa majivuno, jamani, nina bima kubwa.

Kampuni ikamtuma mkaguzi. Alikuja nyumbani na Vedasto, akaizunguka Noah pale uani, akapiga picha, kisha akaingia ndani kuuliza maswali. Alikuwa mtu mpole. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka Shangazi alipotokea na kanga yake nzuri, kwa kuwa amesikia kuna mgeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu Tabora."

"Asante. Na wewe ulikuwemo garini siku ile?"

"Kiti cha mbele."

"Kumbe. Kwa hiyo mama hapa aliwapa lifti."

Laiti angetumia neno lingine. Shangazi alijinyoosha.

"Lifti? Sisi watu wa lifti? Kila mtu alitoa chake, baba. Mimi mwenyewe ndiye niliyepokea, nikamtia Sadiki mkononi. Hakuna aliyepanda bure kwenye gari la mwanangu."

Nilimkanyaga mguu.

"Unanikanyaga, Najiat," alisema, akausogeza, akaanza kutaja mmoja mmoja nani alitoa nini.

Mkaguzi aliacha kuandika. Alinieleza taratibu kabisa, na ule upole wake ndio ulionitia hasira zaidi. Bima yangu ilikuwa ya gari la matumizi binafsi. Watu wametoa hela, wamepanda, wamepelekwa; hao ni abiria wa kulipa, na kwa abiria wa kulipa kampuni haitoi kitu.

"Mafuta ya msiba ndiyo nauli?" nilimuuliza. "Kwa hiyo sisi tukazike kwa miguu?"

"Mimi naandika ninachoambiwa, mama."

Vedasto akanivuta uani, tukasimama nyuma ya Noah.

"Dada, bado hajafunga maelezo. Sema bibi ni mtu mzima, siku hizi anachanganya mambo. Zile hela zilikuwa rambirambi za wafiwa. Mkaguzi nimeshamdokeza. Neno moja tu kutoka kwako, gari linakwenda gereji."

Neno moja. Niliitazama Noah, nikaliona duka langu bila mzigo, nikaiona miaka yetu yote imelala pale uani na pua iliyovunjika. Nilikuwa na haki, na bado nilitakiwa kudanganya ili niipate. Nilirudi ndani nikiwa nimeshaamua kulisema.

"Mama," mkaguzi alianza mwenyewe, kunirahisishia, "bibi yuko sawa kweli? Maana umri nao..."

Shangazi hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Mtu huyu alinilea baada ya mama kufariki, na sikuwahi kumwona akiogopa kitu, si ugonjwa wala deni. Wakati ule aliogopa. Alikuwa ameshika pindo la kanga yake kwa mikono yote miwili. Nilijua kwamba nikilisema lile neno, jioni litakuwa limezunguka Ng'ambo yote, na hakuna atakayempa tena mchango wa msiba aufunge.

"Shangazi yangu ana akili timamu kutushinda sote humu ndani," nilisema. Sauti ilinitoka kwa ukali kana kwamba nagombana. "Alichosema ndicho."

Vedasto alijishika kichwa. Mkaguzi aliandika, akanipa niweke sahihi, akaaga kwa adabu. Wakaondoka.

Shangazi alipumua, akanipigapiga gotini.

"Umemjibu vizuri. Wamezoea kudhani wazee hatujui tusemalo." Akajiweka sawa kwenye mkeka. "Sasa gari watalitengeneza lini? Arobaini inakaribia, na safari hii watu ni wengi. Nimeshaanza kupokea ya mafuta."

Nilitaka kupiga kelele mpaka mabati yang'oke.

"Bado hawajasema, Shangazi," nilimjibu, nikaenda jikoni nikafunga mlango.