Ushindi wa Sita

Mpira uligonga nguzo ya kulia ukarudi uwanjani kama mgeni aliyefungiwa mlango. Kipenga kikalia. Tanner Hruska alibaki ameinama palepale alipourushia nyuma kupitia katikati ya miguu yake, akitazama nyasi. Hakuhitaji kuuliza. Kelele za furaha zilitoka upande wa wageni.

Ushindi mara tano, vipigo saba. Ili timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani iitwe kwenye mechi za Desemba za kufunga msimu, hutakiwa kushinda mechi sita. Tanner alikuwa kapteni na huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Aligusa nyasi kwa kiganja, kama wanavyofanya wote wanaomaliza chuo cha Loup Fork, akatoka bila kumtazama Ellis Okerlund, mpigaji aliyeupiga mpira ule kwenye nguzo. Wengine nao hawakumtazama.

Jumapili, Kocha Dietz alimpigia simu akiwa nyumbani, mezani na baba yake, wakila maharage ya pilipili na mikate ya mdalasini.

"Zimebaki nafasi," Kocha alisema. "Timu zilizoshinda mechi sita hazikutosha. Sasa wanachukua zilizoshinda tano, wanaanza na zile ambazo wachezaji wake wanafanya vizuri darasani. Sisi ndio wa kwanza."

"Huo si mlango wa nyuma, Kocha?"

"Ni mlango. Kesho mtapiga kura, twende au tusiende. Watakusikiliza wewe."

Tanner aliweka simu chini. "Wanatupa makombo," alimwambia baba yake.

Mzee Leland alimega mkate wake, akauchovya kwenye maharage. "Mwaka ule mvua ya mawe ilipotupiga, tulibakiwa na nusu ya mahindi. Uliniona nikiiacha shambani ioze kwa sababu ya aibu?"

"Hayo ni mahindi, baba."

"Ndiyo. Na wewe una kichwa kigumu kuliko gunzi lake. Kula."

Hakulala vizuri. Aibu aliizoea, kilichomkera ni kwamba chini ya ile aibu kulikuwa na kitu kingine, na hakupenda kukiita kwa jina.

Jumatatu chumba cha mikutano kilijaa mabishano.

"Tutaitwa mabingwa wa kemia!" mmoja alipiga kelele.

"Wewe nyamaza, kemia ulirudia mara mbili!"

Walicheka, kisha wakamgeukia Tanner. Alisimama. Alikuwa ameshapanga maneno: heshima, jina la chuo, mtu hupokea alichokichuma. Kabla hajafungua kinywa, Ellis alisema kutoka mlangoni, koti bado mwilini.

"Kama mnakataa kwa ajili yangu, semeni. Mpeni mwingine kazi ya kupiga. Mimi nitabaki nyumbani nitazame kwenye televisheni. Ila nyinyi nendeni."

Tanner alimtazama kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Uso ulikuwa mwekundu, macho makavu. Huyu aliyekosa mbele ya watu wote alikuwa anaomba mechi nyingine ichezwe hata bila yeye. Na yeye kapteni, mwenye mabega kama mlango wa ghala, alikuwa anaikimbia. Ndicho kile kitu. Aliogopa kipigo cha nane, akakivika joho akakiita heshima.

"Nani kakwambia utabaki?" Tanner aliuliza. "Mpira nitakaourudisha mimi utaupiga wewe. Ukikosa, tutakosa wote. Vua koti, unatutia joto."

Mtu alicheka puani. Tanner akainua mkono wake, ule wenye vidole viwili vilivyofungwa bandeji. Mkono mwingine ukainuka nyuma, kisha mwingine, mpaka hakukuwa na haja ya kuhesabu. Wanne waligoma kuinua. Hakuna aliyewazomea.

"Sogea," Tanner alimwambia jirani yake, na Ellis akakaa kati ya watu wakubwa wa mstari wa mbele, ambako wapigaji hawakai.

Kocha Dietz hakutoa hotuba. Alizima taa, akawasha video ya wapinzani ukutani. Katikati ya mstari wao lilisimama jitu lisilo na shingo.

"Mungu wangu, huyo ni mtu au trekta?"

"Ni wako huyo, Hruska! Salamu zako!"

Chumba kizima kilicheka. Tanner alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini.

"Rudisha nyuma kidogo, Kocha," alisema. "Nataka kuona anaanza na mguu upi."