Besi Iliyopotea Kwenye Kiti cha Baba

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, bila shuruti wala kikao cha wazazi, natangaza kwa wananchi wote wa Tabora, kuanzia stesheni ya reli hadi mashamba ya Ntalikwa, kwamba vita dhidi ya baba yangu mzazi imeanza rasmi na haitaisha mpaka haki ipatikane.

Tangazo hilo nililitoa kwa kunong'ona, nikiwa nimekaa juu ya gunia la karanga, kwa sababu Baba alikuwa chumba cha pili na ana masikio makali.

Nieleze kosa lake. Mimi ni mwanafunzi wa bweni. Desemba hii nilirudi likizo nikiburuta tranka langu kwenye ile barabara yetu ambayo wapagazi wa misafara ya zamani walipita na mizigo vichwani wakitokea Ujiji, na sidhani kama yupo hata mmoja wao aliyeingia Tabora amechoka kama mimi. Nikasukuma mlango wa chumba changu ili nijitupe kitandani. Kitanda hakipo. Kabati halipo. Ukuta niliobandika ratiba yangu ya kuwa daktari umefunikwa zulia. Katikati ya chumba kilikuwepo kiti kimoja kikubwa cha sofa. Mbele yake spika mbili ndefu zimesimama kama viranja, na kati yao, chini, limekaa boksi jeusi pana lisilocheka na mtu. Sabufa.

Mama alinieleza polepole, kama anavyoelezwa mgonjwa, kwamba hicho sasa ni chumba cha Baba cha kusikilizia, na kwamba stoo ya karanga nayo ina dirisha zuri. Dirisha hilo linatosha kupitisha panya mmoja, kama hajashiba.

Baba ni mwalimu wa kwaya ya kigango chetu. Januari kwaya ilitarajiwa kurekodi nyimbo za jubilei ya parokia, kwa hiyo kila Jumapili alinasa mazoezi, akaja kujifungia humo kusikiliza nani anaimba na nani anafungua mdomo tu. Alisema kanisani mtu unadanganywa na mwangwi na sura za watu. Chumba chake hakina upendeleo, alisema, chumba kinasema kweli.

Siku ya tatu akaniita. Besi ilikuwa inamsumbua: wimbo huu inanguruma mpaka vioo vinatetemeka, wimbo ule haipo kabisa. Mzee Fakhrudin wa dukani, aliyemuuzia sabufa, alimpa na ikolaiza, kile kisawazisha sauti kinachoendeshwa kwa simu, lakini Baba katika simu yake anajua mambo mawili, kupiga na kuongeza sauti.

"Imakulata, si ulipata A ya Fizikia?" akasema. "Nisawazishie hivi vitu."

Nikajibu, "Sawa Baba," kwa unyenyekevu ambao ungemtisha yeyote aliyewahi kulala bweni moja na mimi.

Niseme ukweli, kazi niliifanya vizuri kwanza. Besi haiendi na kupotea kama sauti nyembamba. Katika chumba kidogo inagonga ukuta, inarudi, inakutana na nyingine inayokuja. Mahali pengine zinabebana, besi inakuwa nzito kama ugali wa shuleni. Mahali pengine zinauana, kimya. Nilicheza mlio mmoja mzito, nikazunguka chumba nikipima kwa simu, nikiandika daftarini. Pale palipokuwa kitanda changu, kwenye kona ya dirisha, besi ilijaa kuliko popote. Yaani kwa miaka mitatu nimelala kwenye kiti cha enzi bila kujua. Na hatua moja kutoka ukuta wa nyuma, besi ya chini kabisa ya mwanaume, ile iliyo karibu na namba themanini kwenye ikolaiza, ilitoweka kama wanafunzi siku ya usafi.

Nikatazama daftari. Nikatazama kona. Nikakumbuka panya wa stoo.

Nilimwambia Baba kwamba wataalamu wanashauri kiti kisogezwe nyuma, nikakisogeza hadi pale pa kutoweka. Kisha, kwenye vile vijiti vya skrini vya kupandisha na kushusha, nikashika namba themanini na kuishusha hadi mwisho wa dunia. Namba za juu yake nikazipanga vizuri ili ngurumo iishe na Baba afurahi. Akafurahi kweli. Alikaa, akafumba macho, akasema sasa ndiyo safi, mtoto amesoma. Mpango wangu ulikuwa wa kijeshi: ataanza kuona muziki mwembamba, atachoka nao, atairudisha sabufa kwa Mzee Fakhrudin, nami nitarudi chumbani kwangu kwa maandamano.

Wiki ya kwanza alianza kukunja uso. Nikala karanga zangu kwa furaha kubwa.

Wiki ya pili, wakati wa chakula cha jioni, akasema Mzee Wenceslaus amekwisha.

Mzee Wenceslaus ni mkulima wa Ntalikwa. Ameimba sauti ya nne, ile ya besi, kwenye kwaya ile tangu kabla Mama hajaolewa, na anapoimba chini, benchi linatetemeka. Baba alisema amesikiliza mara saba. Sauti za chini za mzee hazipo, umri umemkuta, na kwenye kurekodi ataiangusha kwaya nzima. Mama akasema mbona Jumapili amemsikia vizuri. Baba akarudia habari za mwangwi. Jumatano yake akamwambia mzee apumzike, wamtafute kijana.

Hapo nilipaswa kusema. Lakini kusema kulimaanisha kulala na karanga hadi shule ifunguliwe, na fimbo juu yake. Nikajiambia kila vita ina majeruhi. Nikashika daftari la Fizikia, sikusoma kitu.

Jumamosi asubuhi Mzee Wenceslaus alikuja na baiskeli. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mjukuu wangu, na mkono wake mmoja ulikuwa umeshika mfuko. Ndani yake joho lake la kwaya, limefuliwa na kupigwa pasi. Alikuja kulirudisha. Alimwomba Baba jambo moja tu: ajisikilize, mara moja, ajue ni wapi sauti yake imeharibika.

Baba akampa kiti kikubwa, kama inavyotakiwa kwa mgeni. Mzee akakataa. Kiti cha mwalimu ni cha mwalimu. Akachukua kigoda, akaenda kukaa kwenye kona ya dirisha, mfuko magotini.

Penye kitanda changu.

Nilisimama mlangoni nikihesabu hatua hadi kwenye simu ya Baba.

Wimbo ukaanza. Baba kwenye kiti chake alikuwa akitikisa kichwa kwa huruma. Mzee kwenye kona aliinua uso polepole, akasikiliza hadi ubeti wa pili ukaisha.

"Mwalimu," akasema, "mbona nipo?"

"Mzee wangu, hupo. Hata mimi inaniuma."

"Nipo. Njoo ukae hapa."

Baba akaenda kwa heshima tu, mzee akampisha kigoda. Wimbo ukarudiwa. Niliona uso wa Baba ukibadilika. Akainuka akarudi kwenye kiti, akasikiliza, akarudi kwenye kona. Mara tatu. Kisha akachukua simu na kufungua ikolaiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani mwake.

Sasa, mtu ukimaliza kupanga vile vijiti, simu inakuomba jina la kuhifadhia mpangilio huo. Mhalifu mwenye akili angeandika namba moja.

"Imakulata," Baba akaniita, akaninyooshea simu. "Nisomee hapa. Sijavaa miwani."

Miwani ilikuwa usoni.

Nikasoma kwa sauti ndogo: "Kisasi cha Kitanda."

"Ni nini hicho?"

"Ni istilahi ya kitaalamu, Baba."

Mzee Wenceslaus akauliza kwa upole kabisa, "Kitanda cha nani, mjukuu wangu?"

Ningeweza kumdanganya Baba hadi Pasaka. Lakini mzee alikuwa bado amekumbatia lile joho, na mkunjo wa pasi uliochungulia mfukoni ulikuwa umenyooka, mtu aliuhangaikia jana yake.

"Changu," nikasema. "Kilikuwa hapo ulipokaa. Baba, kiti nimekisogeza mimi mahali ambapo besi inakufa. Na namba themanini nimeishusha mimi. Nilitaka wewe uchukie chumba. Nilipojua umemtoa Mzee, nilinyamaza. Tangu Jumatano."

Baba hakunitazama. Alikuwa anatazama ule mfuko.

Nikapiga magoti mbele ya mzee, bila kuambiwa na mtu.

"Babu, sauti yako haijaenda popote. Niliificha mimi."