Jumamosi Kikosi Kilipokwisha

Kwa miaka mitatu hakuna aliyekufa kwenye meza ya Fundi, na ndiyo maana watu wake walikuwa wameharibika kabisa.

Mwanamke huyu alikuwa mshonaji, na meza yenyewe ilikuwa ile ya kukatia vitambaa, dukani kwake. Kila Jumamosi saa nane mchana alikuwa akifunika cherehani, anafagia vipande vya nyuzi, anatandaza ramani aliyoichora kwenye karatasi ya mitindo, na watu wazima watatu wenye kazi zao na akili zao timamu wanaizunguka na kugeuka watu wengine katika mchezo wa kusimulia, kila mmoja na karatasi ya mhusika wake. Shemeji, dereva wa lori, alikuwa Chuma, askari wa upanga. Kinyozi wa duka la pili alikuwa Cheche, mchawi wa moto. Dada mkubwa wa Fundi, muuguzi, mke wa huyo Shemeji, alikuwa Bibi Majani, mganga wa kikosi. Fundi ndiye aliyekuwa msimulizi, maana yake yeye ndiye mvua, yeye ndiye walinzi, yeye ndiye kila zimwi watakalokutana nalo. Yaliyobaki yaliamuliwa na dadu la pande ishirini.

Sheria moja ilikuwa nzito kuliko zote. Mhusika akiishiwa nguvu akaanguka, hutupwa dadu la roho. Kumi au zaidi, anaamka. Chini ya kumi, amekufa, na karatasi yake inachanwa pamoja na kila alichokipata tangu siku ya kwanza. Kwenye meza hii dadu la roho lilitupwa na msimulizi peke yake, nyuma ya boksi la vifungo, wengine wasione. Na Fundi, kwa moyo wake laini, akiona sita anasema kumi na sita. Akiona mbili anasema kumi na mbili. Uongo wake ulikuwa umepigwa pasi, hauna kunyanzi hata moja.

Jumamosi ile dada yake aliwahi kufika, peke yake, na daftari mkononi.

"Kaa kwanza," alimwambia. "Mara arobaini na moja umetupa dadu la roho. Nimeziandika zote. Mara arobaini na moja tumeamka."

"Mna bahati, dada."

"Mdogo wangu, mimi nashinda wodini. Bahati ya hivyo sijaiona."

Fundi alicheka kidogo, kicheko cha kununua muda. "Ni mchezo tu."

"Na kwa Mama, ulikuwa mchezo?"

Mama yao alipougua, dada ndiye aliyejua kusoma majibu ya vipimo, na alitaka Mama aambiwe kwamba hatapona. Fundi alikataa katakata. Kila asubuhi aliingia chumbani na sura ya kuchangamka akasema, "Leo umeamka vizuri, wiki ijayo tunatoka." Mama alimwamini. Akaondoka Alhamisi moja mchana akisubiri wiki ijayo, hajaaga mtu. Tangu siku ile madada hawa hawakuwa na mazungumzo mengine ya maana zaidi ya mezani hapa, kila mmoja akiwa amejificha ndani ya mtu wa karatasi.

"Leo ukinidanganya tena, mimi basi," dada alisema. "Sitanuna wala sitagomba. Sitakuja tu."

Fundi alimjua dada yake. Huyu ni mtu wa kusema jambo mara moja. Akamtazama, akaona kwamba hii Jumamosi ndiyo kamba pekee iliyobaki kati yao, na kwamba anayeikata ni yeye mwenyewe, kwa wema wake.

Kinyozi na Shemeji walipoingia, wakitaniana kuhusu kitambi cha nani kinaanza kuongoza, Fundi alilichukua boksi la vifungo akaliweka juu ya kabati.

"Fundi, mbona unatuvua nguo?" Kinyozi akauliza.

"Leo madadu yote yanatupwa hadharani. La roho pia. Likianguka popote, linahesabika hapo lilipoangukia."

"Kwani linabadilisha nini?" Shemeji alisema bila kuinua macho kwenye simu. "Hapa hafi mtu."

Wakaanza. Kikosi kilikuwa kimefika kwenye pango la Mfalme wa Chumvi, zimwi jeupe refu kama mnara, na kufika kwenyewe walifika kwa mbwembwe. Wiki iliyopita Chuma alikuwa amelikata daraja nyuma yao, eti maadui wasiwafuate. Cheche alikuwa amekunywa dawa ya mwisho ya kuongeza nguvu kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, alisikia kiu. Watu wenye hofu hata kidogo wasingefanya hivyo. Fundi aliitazama ramani akaona wazi kwamba ujinga ule wote ni kazi ya mikono yake. Ni yeye aliyewazoesha.

Mfalme wa Chumvi alimpiga Chuma mara ya kwanza, akayumba. Mara ya pili, akaanguka. Fundi akatupa dadu la roho katikati ya meza, likazunguka, likatulia.

"Saba," alisema.

"Haya, nimeponea wapi?" Shemeji akauliza.

"Hujaponea, shemeji. Umekufa."

Shemeji akaweka simu chini. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kuuona uso wake wote. Alilitazama dadu, akamtazama Fundi, akalitazama dadu tena, na Fundi akaichukua karatasi ya Chuma akaichana vipande viwili, mkono wake ukiwa umetulia kama anapasua kitambaa.

Kinyozi akapata akili ghafla. "Mimi nakimbilia darajani."

"Daraja mmelikata."

"Basi nakunywa dawa."

"Umeshainywa."

Cheche alianguka, dadu likatoa kumi na nne, akaamka, na Kinyozi akashangilia mpaka wapita njia wakachungulia dirishani. Akasimama, akarusha moto wake wa mwisho, akapigwa tena. Safari hii dadu lilitoa tatu. Kinyozi aliichana karatasi yake mwenyewe, taratibu, midomo ameibana.

Akabaki Bibi Majani. Kulikuwa na ufa kwenye ukuta wa pango ambamo angeweza kujificha, na Fundi alimkumbusha. Dada akakataa. "Namrudia Chuma. Siwaachi watu wangu sakafuni." Akarudi, akamshika Chuma mabegani, na Mfalme wa Chumvi akamfikia.

Fundi akatupa dadu. Pengine alilitupa kwa nguvu mno, maana liliruka ukingo wa meza, likaanguka sakafuni, likabingirika chini ya cherehani mpaka nyuma ya kanyagio. Akapiga magoti, akaingiza kichwa. Kulikuwa na giza kidogo, na dadu lilikuwa pale limekaa sawasawa, na aliyeliona ni yeye peke yake.

Nane.

Kumi na nane ingemtoka kirahisi. Alikuwa anaimudu kuliko jina lake. Bibi Majani angeamka, kikosi kingekuwa na mbegu ya kuanzia tena, Shemeji angecheka, na dada asingejua kamwe. Fundi alikaa pale chini, magoti kwenye saruji, akajiambia waziwazi: nampenda dada yangu, kwa hiyo namwambia.

Akatoka, akasimama wima.

"Nane," alisema. "Bibi Majani amekufa, dada. Kikosi chote kimekwisha."

Shemeji alianza kuinama aangalie chini ya cherehani, lakini mkewe akamshika mkono.

"Acha," dada alisema. "Kama amesema nane, ni nane."

Fundi akavuta kiti akakaa karibu naye. Karatasi ya Bibi Majani ilikuwa mbele yao, imekolea wino wa miaka mitatu, na hakuigusa.

"Kabla roho haijatoka, ana pumzi kidogo," alisema. "Maneno machache tu. Unataka aseme nini?"

Dada alikuwa ameifumba mikono mapajani, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Aage," alisema. "Aseme kwaheri, na apate kuitikiwa."

"Kwaheri, Bibi," Shemeji akaitikia.

"Kwaheri, mama yetu," Kinyozi akaitikia, kofia mkononi.

Fundi akaitikia wa mwisho. Sauti ilimkatika katikati ya neno, akaanza tena mpaka akalimaliza.