Mtambo Hauapi

Fundi alikuwa keshafika ngazini, mkasi na miwani vimo mfukoni, na shemeji yake yu nyuma yake kama mtu anayesindikiza mgeni.

"Si mimi niliyekufukuza, shemeji. Ni mtambo. Ndio uliosema umelala kazini mara tisa."

"Una kinywa?"

"Una jicho."

Miaka kumi na saba alishona matundu ya vifungo, pua ikigusa kitambaa kwa uhafifu wa macho. Jicho lile la akili bandia, lililofungwa ukutani mwezi uliopita, likiona kichwa kimeinama huandika: amelala. Shemeji, msimamizi wa karakana, alijua habari ya macho yale. Zama akimposa dada yake fundi, ndiye aliyekuwa akimtungia fundi uzi kwenye sindano. Akaitia saini barua ya kumfukuza hata hivyo.

Kukosa kazi angekumeza. Kuitwa mvunja amana kulimkaa kooni. Akamwita shemeji barazani kwa sheikh, mwenye karakana na mafundi wote wakiwepo.

"Anayedai alete ushahidi," sheikh akasema. "Anayekana aape."

Fundi akaapa. "Sasa na shahidi wake aape."

"Mtambo hauapi, shemeji. Usichekeshe watu."

"Basi aape aliyeuamini, kwamba aliniona nimelala."

Shemeji akasema, "Sikuona. Nilisoma tu."

"Chombo hakibebi dhambi, mwanangu," sheikh akamwambia. "Umebeba wewe. Mtake radhi."

Akataka radhi. Fundi akatikisa kichwa.

"Kusamehe ni bora, najua. Huo ubora nitautafuta siku nyingine. Mimi nataka sawa kwa sawa: akae kitini pangu, ashone matundu kutwa, jicho likimtazama."

Mwenye karakana akacheka, akakubali.

Asubuhi shemeji akakaa. Fundi akavuta kigoda mbele yake, akamtazama akiinama, akijidunga, akiinama tena.

"Amka, shemeji," akawa anamwambia kila saa, taratibu, kama anayembembeleza mtoto.

Jioni mtambo ukatoa karatasi: amelala mara thelathini na moja. Fundi akasimama mlangoni mafundi wakitoka, akaisoma kwa sauti, akarudia.

Shemeji alifukuzwa wiki ileile, kwa kutia saini asichokiona. Sasa anauza viatu. Mtambo ulibanduliwa, ukapelekwa karakana nyingine. Fundi alirudishwa kazini na anashona mpaka leo. Dada yake hajamsemesha tena.