Mjumbe wa Kitendo cha Pili

Jeremiah Mutai alikuwa soja, yaani mlinzi, wa maegesho ya magari chini ya hoteli moja ya West Bay, Doha. Kwa miaka mitatu hakuna aliyejua kwamba anaimba, isipokuwa watu wa kanisani. Sauti yake ilikuwa ya tena, ile ya juu ya wanaume. Kwao Nandi, Kenya, aliwahi kuongoza kwaya ya chuo cha ualimu. Hapa Doha aliimba Ijumaa asubuhi tu, siku ya mapumziko ya nchi, kanisani Abu Hamour, macho yakiwa bado mazito kwa uchovu wa shifti.

Hapo ndipo Nasimiyu alipomsikia. Nasimiyu alikuwa muuguzi aliyekaa Al Wakrah, na aliimba katika kikundi cha wapenzi wa opera kilichofanyia mazoezi kwenye ukumbi wa shule. Mwaka huo wa 2013 walikuwa wakiandaa opera nzima kwa mara ya kwanza, ya Kiitaliano, yenye mavazi na kila kitu.

"Twende Jumanne," alimwambia. "Mwalimu Nino anatafuta mwimbaji wa tena mpaka anakosa usingizi."

Jeremiah akaenda. Mwalimu Nino, mama kutoka Georgia mwenye nywele fupi za mvi, alimpigia piano akamsikiliza amefumba macho. Alipomaliza akampa nafasi ya mjumbe, yule anayeingia katika kitendo cha pili, yaani sehemu ya pili ya mchezo, kumwarifu mfalme kwamba mwanawe ameuawa vitani. Mistari kumi na minne, peke yake, jukwaa zima limenyamaza. Jeremiah hakujua Kiitaliano. Aliyaandika maneno yanavyotamkwa kwenye kikaratasi, akakiweka ndani ya kofia ya kazi, akawa anakisoma magari yakipungua.

Taabu ilikuwa kazi yenyewe. Wageni wa hoteli walilalamikia filimbi za kuongozea magari, zikapigwa marufuku, basi masoja wa chini wakabaki kuelekeza magari kwa mikono na makelele, saa kumi na mbili kila siku, katikati ya moshi na hewa kavu ya AC. Februari sauti yake ilianza kukwaruza. Alikunywa tangawizi, akawa hasemi neno kwenye kambi walikolala wafanyakazi hadi wenzake wakadhani amewanunia. Machi, ile noti ya juu kabisa ya mjumbe ikakataa kutoka.

Nasimiyu alimpeleka kwa daktari wa koo aliyefanya naye kazi. Daktari alimpitishia kamera puani, akawaonyesha kwenye skrini vinundu viwili vyeupe juu ya nyuzi za sauti.

"Anasema wiki sita bila kuongea," Nasimiyu alimweleza. "Hata kunong'ona usinong'one."

"Na kazini?"

"Omba wakuweke kwenye chumba cha kamera za ulinzi."

Aliomba. Supavaiza wake, Oloo, hakuwa mtu mbaya.

"Ndugu yangu, kule kamera kuna watu wanane kwenye foleni, na mmoja ana mguu mbovu. Wewe unaumwa nini?"

"Sauti."

"Lakini si unaongea?"

Jeremiah akarudi chini kwenye magari.

Wiki tatu kabla ya onyesho, Mwalimu Nino alimpa mwalimu mmoja wa Kifilipino nafasi ya mjumbe. Kisha akamvuta Jeremiah kando. Alihitaji askari kumi na wawili wa mfalme jukwaani, naye alikuwa na kumi na mmoja. "Simama nao," alimwambia. "Fungua mdomo tu. Usitoe sauti." Jeremiah akakubali.

"Ungekataa," Nasimiyu alisema.

"Nikikataa sitapanda jukwaani kabisa."

Onyesho lilikuwa Ijumaa alasiri. Yule Mfilipino aliingia, akapiga magoti, akaimba vizuri. Alipoikaribia noti ya juu, koo la Jeremiah lilijikaza lenyewe. Hakukusudia. Mlio mkavu ukamtoka, mfupi, kama wa bawaba, na mwenzake wa kushoto akamsukuma kiwiko mbavuni. Akafunga mdomo. Hakuufungua tena hadi pazia liliposhuka, hata pale askari wote walipotakiwa kuimba.

Nasimiyu alimkuta nyuma ya jukwaa akivua joho.

"Mwaka ujao, ukienda kutibiwa..."

"Nikipona nitarudi kupiga kelele palepale," alisema. Sauti ilimkatika katikati ya neno, akalimalizia kwa midomo.

Kwa daktari hakurudi. Mwalimu Nino alimtumia ujumbe mara mbili kuhusu msimu mpya, hakujibu. Ijumaa iliyofuata alikaa kiti cha nyuma kabisa kanisani. Kwaya ilipoanza alifungua kitabu cha nyimbo, akafuata ubeti baada ya ubeti kwa kidole, kimya, mpaka mwisho. Nasimiyu, akiwa mbele na kwaya, alimwona. Hakumwita.