Kushoto kwa Mvaaji

Mjomba alikuwa fundi cherehani, na watu walimwita Sindano kwa sababu mbili: kazi yake, na ulimi wake. Ukimpelekea suruali apunguze kiuno, hakukuuliza inchi ngapi, alikuuliza nani anakunyima chakula. Ukimpelekea aongeze, hakusema kitu. Alikutazama tumbo tu, mpaka mwenyewe ucheke.

Mwaka ule alianza kuchoka. Mguu ulikanyaga cherehani mara mbili tatu, kisha ukasimama, naye akabaki akikikodolea macho kitambaa kana kwamba ndicho chenye kosa. Alilalia mito mitatu, maana akilala chali pumzi zilimpaa. Jioni viatu vilimbana. Mpwa wake, binti wa mwaka wa kwanza katika chuo cha uuguzi, aliyaona yote hayo kila alipopita dukani.

"Mjomba, nenda kliniki ya moyo."

"Inayochoka ni cherehani. Nimeshaitia mafuta."

"Na miguu iliyovimba?"

"Imenenepa. Wewe ulipokuwa mdogo ulinenepa hivi, mbona hatukukupeleka popote?"

Hospitali hakuitaka hata kuisikia. "Ni kama fundi mbaya," alisema. "Unampelekea kifungo kimoja, anakufumulia koti zima."

Siku moja binti aliamua kumtisha kwa maneno ya darasani. Akamwagia majina ya vyumba, milango na mishipa ya moyo: atiria, ventrikali, vali, aota, yote kwa pumzi moja. Mjomba akaweka mkasi chini.

"Maneno hayo unayajua, au umeyabeba tu kama punda na vitabu?"

"Ninayajua. Ijumaa nina mtihani wa kuyataja, kwa mdomo na kwa kidole."

"Vizuri. Ukifaulu, Jumatatu nakwenda huko kliniki kwako. Ukifeli, usinitajie hospitali mpaka uwe na wajukuu."

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri gauni lake akasema, "Mimi shahidi. Nimesikia kwa masikio yote mawili." Wakapeana mikono.

Basi binti akasoma. Aliimba njia ya damu akifua, akiosha vyombo, akipanga foleni ya chakula chuoni. Kasoro ilikuwa moja: daftari lenyewe alikuwa ameliazima kwa rafiki yake, na rafiki huyo hakujua kuchora. Lilikuwa na maneno matupu, bila picha hata moja.

Ijumaa mwalimu akamwekea mezani kifua cha plastiki kilichofunguliwa kama kabati, moyo ukiwa ndani, umemwelekea. "Nionyeshe atiria ya kushoto." Binti akagusa upande uliokuwa mbele ya mkono wake wa kushoto. Akaendelea hivyo kutoka chumba hadi chumba, haraka na bila kigugumizi. Mwalimu akaandika alama nne juu ya ishirini.

"Majina yote unayajua," alisema, "na kila jina umelipeleka nyumba ya jirani. Utarudia mwezi ujao. Mwingine!"

Hakupata hata nafasi ya kuuliza alikosea wapi. Alitembea hadi dukani akiwa ameshapanga jinsi ya kukiri. Lakini alipofika mlangoni alimkuta mjomba peke yake, kiganja kimetulia kifuani, macho ameyafumba, akivuta pumzi fupifupi kama mtu aliyepanda ngazi. Aliposikia hatua alikiondoa kile kiganja haraka, akashika mkasi usio na kitambaa cha kukata.

"Enhe, Bi Daktari! Vipi?"

"Nimefaulu," binti akasema.

Hakuwahi kumdanganya mjomba wake tangu azaliwe. Neno lilitoka lenyewe, likasimama katikati yao.

"Zote?"

"Zote, mjomba."

Mjomba akamtazama kama anavyotazama matumbo ya wateja. Kisha akashusha pumzi. "Haya. Mwanamume ni neno lake."

Jumatatu alivaa koti lake jeusi, lile alilolishona mwenyewe kwa ajili ya harusi za watu. Walipewa kadi namba kumi na nne, wakakaa kwenye benchi refu pamoja na wagonjwa wengine. Ukutani mbele yao palikuwa na picha kubwa ya mtu aliyefunguliwa kifua, moyo wake umepakwa rangi nyekundu na buluu.

"Nisomee picha hiyo," mjomba akasema. "Nataka kumjua adui kabla hajaniita."

Binti akainuka, akanyoosha kidole. "Hii hapa atiria ya kushoto. Chini yake ventrikali ya kushoto. Na ng'ambo hii…"

"Ngoja. Huyu mtu anatutazama, au ametupa mgongo?"

"Anatutazama."

"Sasa mkono wake wa kushoto uko wapi?"

Binti akatazama. Akageuka ubavu, akajipima, akageuka tena. Uso ukamwaka moto.

"Mwanafunzi wangu akikosea hapo namfukuza siku hiyohiyo," mjomba akasema. "Kwa fundi, kushoto ni kwa mvaaji. Hakujawahi kuwa kwa fundi. La sivyo dunia nzima ingekuwa na mifuko upande usio wake. Sasa niambie. Na Ijumaa ulimwonyesha mwalimu hivi hivi?"

Binti akashusha kidole. Benchi zima likatega masikio, kwa sababu hakuna raha kama ugomvi wa wenzako ukiwa kwenye foleni.

"Umefeli," mjomba akasema.

"Nimefeli. Alama nne."

"Juu ya?"

"Ishirini."

"Lo!" akapayuka mzee mwenye fimbo aliyekuwa pembeni. "Hata mimi ningepata sita."

Mjomba akasimama, akakung'uta koti. "Basi dau ni langu. Twende nyumbani."

"Mjomba, tafadhali. Nilikuona umeshika kifua."

"Nilikuwa natafuta pini."

"Huku umefumba macho?"

Bibi mmoja mwenye kadi namba ishirini na sita akaingilia. "Baba, kama huendi nipe hiyo kumi na nne yako. Mimi sina mpwa wa kunidanganya ili nipone." Watu wakacheka. Mjomba akaitazama ile kadi mkononi, akaifumbata. Mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri hagawi namba hivi hivi.

"Kumi na mbili!" muuguzi akaita mlangoni.

"Sikiliza," mjomba akamwambia binti. Akatia mkono mfukoni, akatoa kipande cha chaki ya kushonea. "Mtihani wa marudio, sasa hivi. Mvaaji ni mimi. Nichoree juu ya koti hili damu inavyokwenda, mwanzo hadi mwisho, kabla sijaitwa. Hawa ndio mahakimu. Ukikosa mahali pamoja, kumi na nne ni ya huyu bibi."

"Kosa, mwanangu, kosa!" bibi akasema.

Binti akapiga magoti mbele yake. "Damu iliyochoka inarudi kwa mishipa ya vena kava, ya juu na ya chini. Inaingia atiria ya kulia." Chaki ikagusa kulia kwa mvaaji. "Inapita vali ya trikuspidi, inashuka ventrikali ya kulia. Inatoka kwa ateri ya mapafu."

"Kumi na tatu!"

"Huko mapafuni inapata hewa. Inarudi kwa vena za mapafu, atiria ya kushoto. Vali ya bikuspidi. Ventrikali ya kushoto, hii yenye ukuta mnene. Halafu aota, halafu mwili mzima."

Mzee mwenye fimbo akalitazama koti, akaitazama picha ukutani, akarudia mara mbili. "Hana kosa," akatangaza kwa masikitiko.

"Kumi na nne!"

Mjomba hakuwa na pa kutokea. Aliingia kwa daktari, mpwa wake nyuma, na moyo mweupe umechorwa juu ya koti jeusi. Daktari alilitazama muda mrefu, akamwambia avue. Akasikiliza mbele, akasikiliza mgongoni, akasikiliza tena mbele. Akamlaza, akampitishia kifuani kifaa cha kuonyesha moyo kwenye kioo.

"Kuna vali haifungi sawasawa," akasema mwishoni. "Damu inarudi nyuma kidogo kila moyo unapopiga. Ndiyo sababu ya pumzi na miguu."

"Ipi?" mjomba akauliza. Hakumwuliza daktari. Alikuwa akimtazama mpwa wake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mzaha usoni.

Binti akalitandaza koti juu ya magoti yake, akaweka kidole. "Hii, mjomba. Bikuspidi."

"Kushoto kwangu."

"Kushoto kwako."

Daktari akatikisa kichwa kukubali. Akaandika dawa mbili za kumeza kila siku, na tarehe ya kurudi. Akasema wamefika mapema. Wangekawia miezi michache angeongea nao mambo mengine.

Njiani mjomba alitembea polepole, akisimama kila kona kujifanya anatazama mishono ya wapita njia. Kwenye kona ya tatu akauliza, "Hayo marudio yako ya kweli ni lini?"

"Mwezi ujao, tarehe tisa."

"Basi kila asubuhi pitia dukani. Unanisomea njia ya damu, nami nameza dawa mbele yako. Ukikosa chumba kimoja, siku hiyo simezi."

"Mjomba!"

"Usinipigie kelele," akasema, akimpa mkono amshike wavuke barabara. "Wewe usikose tu."